TEZI ZA SHINGO: TUSIMPIGE SOJA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wahenga hao hao hawakutuambia tuyatupie mawingu mawe.

Mwaka huu wanachama wa chama chetu cha Kiswahili waliniomba nitoe maoni juu ya jambo lolote linaloniudhi. Wengi walitarajia niandike juu ya githeri isiyoiva au juu ya wanaochelewa asubuhi. La hasha! Nimechagua kuandika juu ya tezi za shingo, zile zinazovimba mtu akishapata mafua. Mkitaka kucheka chekeni, lakini msome hadi mwisho, kwa maana jambo hili lilinigharimu mimi pesa za chakula cha mchana, na binamu yangu lilimgharimu mwaka mzima wa masomo.

Sisi wa shule ya kutwa tunajuana. Ifikapo Juni na Julai, huku kwetu milimani baridi huwa kali na ukungu hauondoki hadi saa nne. Mtu anatoka kwao gizani, anatembea kwenye manyunyu, na akifika darasani sweta limelowa. Darasa lenyewe lina wanafunzi hamsini na kitu na madirisha yote yamefungwa. Mmoja akipiga chafya Jumatatu, ikifika Ijumaa darasa zima linavuta kamasi kama kwaya. Mafua hayo huisha yenyewe kwa siku saba au kumi. Lakini kuna wengine ambao mafua yakienda huwaachia zawadi. Unaosha uso asubuhi, mkono unapita chini ya taya, loh! Kuna kitu kama punje ya haragwe, ukikigusa kinauma.

Hivyo ndivyo ilivyonipata mwaka jana. Nilipoamka nikiwa na uvimbe mmoja kila upande wa shingo, niligundua kuwa kila mtu kijijini ni daktari ila mimi tu. Jirani yangu wa dawati aliniambia nizibonyeze kila dakika kumi ili zipasuke ndani kwa ndani. Nyanya akapasha mwiko wa ugali kwenye moto, akanikanda nao shingoni hadi machozi yakanitoka. Jirani wa nyumbani akasema dawa yake ni wembe mpya na unga wa mizizi. Na mwenye duka akanifungulia kopo akanionyesha vile vidonge vya rangi mbili, akasema, "Kijana, meza viwili sasa, viwili jioni, kesho umepona." Nilimpa pesa zangu za chakula cha mchana. Nikavimeza vinne, tumbo likanisokota usiku kucha, na asubuhi tezi zilikuwa pale pale zikinisubiri.

Ni mwalimu wetu wa Biolojia aliyeniuliza kwa nini nimekunja shingo kama kuku mgonjwa. Nilipomweleza hakucheka. Alinielimisha, kisha akanituma zahanati. Mambo niliyojifunza kwake na kwa daktari wa pale ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu hii.

TEZI NI NINI HASA?

Shuleni kwetu tuna soja langoni. Siku za kawaida humwoni akifanya kazi kubwa, ameketi tu kibandani na redio yake. Lakini siku ile wezi walipojaribu kuruka ua, alipuliza firimbi, akaita wenzake, na kibanda kikajaa watu na rungu hadi mlango haufungiki. Je, kuna mtu aliyesema, "Kibanda kimejaa, kibomoeni"? Hakuna. Sote tulifurahi kuwa soja yuko macho.

Tezi za limfu ndizo vibanda vya masoja wa mwili. Mwili wa binadamu una tezi hizo zipatazo 600 hivi, na nyingi ziko shingoni, kwapani, kinenani na ndani ya kifua na tumbo. Kuna maji yaitwayo limfu ambayo huzunguka mwilini yakikusanya taka na vijidudu, na maji hayo hupita kwenye tezi ili yachujwe. Ndani ya tezi hukaa chembechembe nyeupe za damu. Virusi vya mafua vikiingia puani na kooni, tezi za shingo ndizo zilizo karibu, kwa hiyo ndizo zinazopata habari kwanza. Chembechembe nyeupe zinaongezeka kwa wingi ili zipigane, na tezi ambayo kwa kawaida haifiki sentimita 1 inavimba na kuuma.

Kwa hivyo tezi iliyovimba baada ya mafua si ugonjwa mpya. Ni ishara kuwa kazi inafanyika. Tena vita vikiisha, masoja hawarudi nyumbani siku ile ile. Ndiyo sababu pua inaweza kukauka lakini tezi ikabaki kwa siku kadhaa zaidi, pengine hata wiki mbili au zaidi kidogo, ikipungua polepole. Sasa sisi tunafanya nini? Tunambonyeza soja, tunamchoma kwa mwiko, tunamkata kwa wembe! Huo, kwa maoni yangu, ni utovu wa shukrani.

Hapa niseme neno ili tusichanganye mambo. Si kila uvimbe wa shingo ni tezi hizi. Rovu, ambalo wengine pia huliita tezi, hukaa mbele ya shingo upande wa chini, na mara nyingi chanzo chake ni ukosefu wa madini ya joto, yaani ayodini. Matubwitubwi nayo huvimbisha tezi za mate, mbele ya sikio na kwenye shavu, hata uso ukabadilika sura. Hayo ni mengine na kila moja lina njia yake.

JOTO NDIYO, MOTO HAPANA

Nataka nimtetee nyanya yangu kidogo, asije akasomewa makala haya akanikasirikia. Nyanya si mjinga. Alikuwa amekosea kipimo tu. Ile siku ya mwiko, kabla ya kunichoma, aliniketisha karibu na moto, akanipa uji wa moto vikombe viwili, akanikataza kwenda kuteka maji, akanilaza mapema. Kumbe hayo manne ndiyo dawa yenyewe! Daktari alinitajia karibu yale yale. Tofauti ni kwamba yeye alisema kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, kiwekwe shingoni kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kisiwe cha kuchoma. Ngozi ikiungua, umejiongezea kidonda na tezi itapata kazi nyingine juu ya ile iliyokuwa nayo.

Mengine aliyoniambia ni haya. Kama koo linawasha, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, kisha uteme. Kunywa maji, chai au uji kwa wingi. Pumzika. Maumivu yakizidi, paracetamol inatosha, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kulingana na umri wako, wala usirudie kabla ya saa zilizotajwa kwisha. Aspirini waachie watu wazima: aliye chini ya miaka 16 asiimeze bila amri ya daktari, kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa wa hatari wa ubongo na ini. Na mikono yako iondoe shingoni! Tezi inayobonyezwa kila saa huzidi kuuma, halafu mwenyewe unadhani inakua.

Kuhusu wembe sina maneno ya heshima. Chale hazifiki kwenye mafua. Zinachofikia ni mishipa ya damu, na shingoni hiyo haiko mbali. Wembe mchafu huleta usaha na pepopunda, na wembe uliotumiwa na watu wawili huweza kupitisha virusi vya ukimwi na vya homa ya ini. Vivyo hivyo kwa wale wanaowapeleka watoto kukatwa kimio eti kikohozi kiishe. Kimio hakikohoi, jamani.

VIDONGE VYA RANGI MBILI

Sasa nije kwa mwenye duka. Mafua huletwa na virusi. Vile vidonge vya rangi mbili ni antibiotiki, nazo huua bakteria, haziui virusi. Kumpa mwenye mafua antibiotiki ni kama kumfungia mbwa simba aliyekwisha ondoka, huku ukiwaumiza kuku waliobaki bomani. Tumbo langu ni shahidi.

Tena kuna ubaya mkubwa kuliko tumbo. Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka wa 1928. Mwaka wa 1945, alipopokea Tuzo ya Nobel, yeye mwenyewe alionya kwamba mtu akiimeza kidogo kidogo kuliko inavyotakiwa, vijidudu visivyokufa vitazoea dawa na kuwa sugu. Huyo ndiye aliyeigundua, naye alituonya kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Leo sisi tunanunua vidonge vinne kama tunavyonunua peremende. Hata sheria ya nchi yetu inataka dawa hizo zitolewe kwa cheti cha daktari. Siku tutakapougua kweli, nimonia kwa mfano, tutazimeza na bakteria watatucheka.

Hata hivyo simaanishi antibiotiki ni mbaya. Kuna maumivu ya koo yanayoletwa na bakteria waitwao streptokoki, na hayo yasipotibiwa yanaweza kuleta homa ya rumatiki, inayoharibu vali za moyo, hasa kwa watoto na vijana wa rika letu. Mwenye hayo anahitaji dawa, na azimalize zote. Ila anayejua koo hili ni la virusi na hili ni la bakteria ni daktari anayetazama kooni, si mwenye duka anayetazama mfuko wako.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Huenda msomaji sasa anasema, "Basi, tezi ni soja, tumwache tu." Hapo ndipo ninapotaka tusikilizane sana, maana binamu yangu aliachwa tu.

Binamu yangu alikuwa Kidato cha Pili katika shule nyingine. Tezi yake ilivimba mwezi wa Januari baada ya mafua, upande mmoja. Mafua yakaisha, tezi ikabaki. Februari ikawa kama yai la kwale. Haikuwa na maumivu, na kwa kuwa haikumuuma, nyumbani walisema ni kitu kidogo. Wakamchanja chale, wakamnunulia vidonge vya rangi mbili, wakanyamaza. Aprili tezi zilikuwa tatu zimeshikana. Alikuwa akiamka usiku shati limelowa jasho, na suruali zikaanza kumpwaya. Shuleni wakaanza kunong'ona, "Huyo ana ule ugonjwa." Akafunga skafu hata jua likiwaka. Siku mwalimu wa zamu alipomvua skafu mbele ya gwaride, darasa zima liliona. Binamu yangu hakurudi shuleni siku iliyofuata, wala wiki iliyofuata.

Alifikishwa hospitali Juni. Wakachukua majimaji ya tezi kwa sindano wakayapima. Kilikuwa kifua kikuu cha tezi. Naam, kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali hapa Kenya, nazo humezwa kwa miezi sita. Kifua kikuu kilicho kwenye tezi peke yake hakimwambukizi anayeketi karibu nawe, tofauti na kile cha mapafu. Kumbe wale waliohama dawati lake walihama bure! Hospitalini walimpima pia virusi vya ukimwi, kama wanavyompima kila mwenye kifua kikuu. Majibu hayo ni yake. Sitayaandika hapa, na hata yangekuwa vipi, hayo pia yana dawa na hayana aibu. Yeye amepona, amebaki na kovu shingoni, na kovu hilo ni la chale. Mwaka huu anarudia Kidato cha Pili, huku waliokuwa wakinong'ona wako Kidato cha Tatu kama mimi.

Miezi mitano, ndugu zangu! Januari hadi Juni. Dawa ilikuwa bure na hospitali ilikuwa mwendo wa matatu moja tu. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu siku.

Uvimbe una mengine pia. Mwaka wa 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliandika juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa huko, akaonyesha kuwa ni saratani. Hadi leo unaitwa kwa jina lake na unawapata watoto wa sehemu zenye malaria nyingi, hapa kwetu Kenya pia. Unakua kwa kasi sana, lakini ukiwahiwa una matibabu. Sisemi haya ili kila mwenye mafua apige mayowe. Nasema ili tusidanganyane kwamba uvimbe wote ni mmoja.

HESABU SIKU

Ushauri wangu basi ni huu. Siku ukiiona tezi, andika tarehe nyuma ya daftari lako. Mimi niliandika. Zahanati nilipanga foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa tano. Daktari akaniangalia koo, masikio na kwapa, akagusa shingo kwa vidole viwili, kisha akasema, "Nenda nyumbani, rudi baada ya wiki mbili kama haijapungua." Bila hata kidonge kimoja! Nilikasirika njia nzima. Niliona nimeibiwa asubuhi yangu. Lakini siku ya kumi na moja nilipapasa shingo nikatafuta lile haragwe, wapi! Limekwenda. Ndipo nilipoelewa kuwa siku ile nilipewa dawa, ila haikuwa ya kumeza.

Wiki mbili zikipita na tezi haijaanza kupungua, au inazidi kukua, nenda ukaonwe. Usingoje hata hizo wiki mbili kama tezi ni ngumu kama jiwe na haisogei ukiigusa, kama iko juu ya mfupa wa bega karibu na koo, kama ngozi juu yake ni nyekundu na ya moto, kama una homa isiyoshuka, unatokwa na jasho jingi usiku au unakonda bila sababu. Na ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni ya saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Najua jibu la wengi: hospitali ni mbali, foleni ni ndefu, na mzazi asiye na nauli atafanyaje? Ni kweli, na simlaumu mzazi yeyote. Lakini hebu tupige hesabu. Wembe, unga wa mizizi na vidonge vya dukani mara tatu, je, havijapita nauli ya matatu? Kwa binamu yangu vilipita.

Kwa walimu wetu ninaowaheshimu, nina maombi matatu, na naomba yasichukuliwe kama ukaidi. La kwanza, mwanafunzi anayetoka zahanati na karatasi mkononi asiadhibiwe langoni kama aliyechelewa kwa uvivu, maana wengine huona heri wasiende kabisa kuliko kukata nyasi. La pili, miezi ya baridi tukubaliwe skafu ya rangi ya shule, na anayeonekana kuificha shingo yake aitwe ofisini faraghani aulizwe kwa upole. La tatu, madirisha yafunguliwe wakati wa mapumziko hata kama tunatetemeka, na kwenye ubao wa matangazo ibandikwe orodha ya zile dalili za kwenda hospitali. Karatasi moja tu, nami niko tayari kuiandika kwa mwandiko wangu.

Na kwetu wanafunzi, ombi langu ni moja. Tuache kunong'ona. Tezi ya mwenzako haikuumi wewe, lakini mdomo wako unamuuma yeye. Binamu yangu alistahimili sindano, akastahimili vidonge vya miezi sita. Aliniambia kilichomshinda ni asubuhi ile ya gwaride.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nao walisema kweli. Ila na sisi tusiwe watu wa kumfanya mgonjwa ayafiche. Mlinzi akipuliza firimbi, tusimpige wala tusizibe masikio. Tumuulize ameona nini, tumpe uji, kisha tuhesabu siku.

Nawatakia msimu wa baridi usio na makamasi mengi.